Baba wa Mapasa Mbele ya Juji

Mtu akikamatwa katika mji unaomfukuza, kumfungulia mlango wa gereza ni kumhurumia, au ni kumsukuma kuelekea treni? Swali hilo niliulizwa na mwanamke aliyekuwa amekaa chini ya paa la gare ya Kolwezi, kituo cha treni, mtoto mchanga kwenye kila paja, akiniangalia kwa utulivu wa mtu ambaye hana tena sababu ya kumwogopa yeyote. Nilikuwa nimesoma sheria. Mwaka ule nilikuwa na swali la kupinga kila jibu la watu wengine, kuanzia la mchungaji wetu hadi la baba yangu. Lakini swali la yule mama lilinikuta mikono mitupu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Musonoi baada ya kupata shahada yangu ya kwanza, chuo kikuu kikiwa kimefungwa na wanafunzi tumetawanywa. Baba alikuwa karani mgodini. Mshahara wake ulianza kwa kuchelewa, kisha ukawa habari ya kusimuliwa tu. Posho ya unga ilikatika. Askari walikuwa wameshapora maduka na ofisi mwaka uliotangulia, na mashine moja baada ya nyingine zikanyamaza kwenye mashimo, hata tukaanza kuamka asubuhi kwa kukosa kelele. Vumbi la Kingamyambo, lundo la mabaki ya mgodi, ndilo peke yake lililoendelea na kazi: wakati wa kiangazi lilitufikia mezani.

Kisha wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai. Babu zao waliletwa zamani kuchimba shaba. Wajukuu walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakazika hapa. Sasa waliitwa bilulu, wadudu, na kuamriwa warudi kwao, mahali ambapo wengi wao hawakuwa wamewahi kupaona. Walitoka katika nyumba za kampuni wakiwa wamebeba masufuria na magodoro, wakajaa gare kusubiri treni iliyokuja ilipopenda yenyewe. Sisi tulikuwa Waluba wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo hakuna aliyetugusa. Kanisani mchungaji alihubiri uvumilivu. Nikiwa mezani nikauliza ni nani anayepaswa kuvumilia, anayefukuzwa au sisi tunaoangalia, na Baba akaniambia nile chakula kabla hakijapoa.

Nadhani ni kwa sababu ya maswali yangu Baba alinitafutia kazi ya kujifunza kwenye tribunali, mahakama ndogo ya mji. Hawakuweza kunilipa, lakini walihitaji mtu wa kuandika Kifaransa safi. Tribunali yenyewe ilikuwa imeporwa: viti na mabenchi vilikwenda kuwa kuni, ikabaki meza moja iliyokuwa pana kuliko mlango. Watu walisimama. Hakimu peke yake ndiye aliyekaa, juu ya kiti alichokuja nacho kutoka kwake, kimefungwa nyuma ya baiskeli. Tulimwita Tata Juji. Alikuwa Mluba wa Katanga kama sisi, mnene, mwenye upara unaong'aa, na mfukoni mwa joho lake hazikukosekana karanga za kukaanga. Alizitafuna huku mashahidi wakisema. Nilipomwona mara ya kwanza nilisikitika kwa ajili ya nchi yangu.

Alikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao makarani waliucheka. Katika kesi ndogo, kabla ya kutoa adhabu, aliahirisha na kumtuma mtu aende kuona mahali mshitakiwa alipolala kabla ya kukamatwa. Si kumhoji mtu, si kupekua, kuona tu. Makarani walimpa jina la Juji wa Mikeka, naye alilijua. Mimi sikucheka, nilibishana naye. Nilimwambia kwamba sheria inauliza mtu amefanya nini, haiulizi mkeka wake.

"Sheria inasema nipunguze azabu kama kuko sababu," akaniambia. "Haiseme ile sababu inaikala wapi. Miye naenda kuitafuta kwenye mutu analala."

Lazima niseme kwa nini jambo hilo lilinikera, maana sikuwa mtu wa roho mbaya. Msimu ule kesi za bangi zilikuwa nyingi. Watu waliokuwa wamefanya kazi maisha yao yote walikuwa wamekaa bila kazi, na bangi ilikuja na malori kwa wepesi kuliko unga. Nami nilikuwa nimeona, tangu utoto, kwamba mlango wa huruma hufunguliwa kwa anayejulikana: mtoto wa shemeji, mtu wa kabila, mwanakwaya. Kwangu mimi, sababu za kupunguza adhabu zilikuwa jina la heshima la upendeleo. Nilitaka sheria ya namba: gramu hizi, miezi hii, kwa kila mtu, hata kama ni mpwa wa askofu. Bado naamini hofu yangu haikuwa ya kijinga.

Ndipo akaletwa yule mtu wa Kasai.

Alikuwa ameendesha malori makubwa ya mgodini tangu ujana wake, mpaka alipofukuzwa kazini na nyumbani wiki ileile. Alikamatwa gare na askari wa ulinzi kwa makosa mawili: kumtukana askari, na kukutwa na mkebe wa maziwa ya unga uliojaa misokoto ya bangi. Askari naye alikuwepo, kijana aliyetoka mbali upande wa mto mkubwa, ambaye hakujua Kiswahili wala Kiluba, Kilingala tu. Mwendesha mashtaka alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi kila siku, sijui kwa makaa gani, na alisoma maneno aliyoyasoma katika kila kesi ya bangi: vijana wanaharibika, mji unaharibika, ni lazima mfano utolewe. Aliomba kifungo cha miezi.

Mshitakiwa hakungoja kuulizwa.

"Tata Juji, bangi iko yangu, sikatae. Lakini matusi, hapana. Ile ilikuwa nyimbo ya mapasa. Bibi yangu alizala mapasa pale ku gare."

Hakimu akaacha kutafuna.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Waluba wa pande zote mbili, wa Katanga na wa Kasai, hatulingani kwa mengi, na mwaka ule watu walikuwa wakiuana kwa ajili ya yasiyolingana. Lakini mapacha, mapasa kama tunavyowaita, tunawapokea kwa namna moja. Baba na mama yao huimba nyimbo za aibu. Hutukana yeyote anayepita: pua yake, miguu yake, mambo yake ya ndani ya nyumba. Anayetukanwa hakasiriki. Hucheka, hujibu kama anaweza, na kutoa zawadi mbili, maana kila kitu cha mapasa huja kwa viwili. Anayenuna anawaharibia watoto bahati. Baba yangu, mtu wa kanisa, hakuzipenda nyimbo hizo, lakini hata yeye akitukanwa alitafuta kitu mfukoni.

Basi yule mtu, siku ya tatu ya watoto wake, alikuwa amesimama kwenye jukwaa la gare akimwimbia kila aliyepita, na aliyepita akawa askari wa mbali.

Mwendesha mashtaka hakushawishika. Alisema kwamba kila mlevi anaweza kuyaita matusi yake wimbo. Mshitakiwa ayarudie maneno yenyewe ili tribunali iamue. Yule mtu akatazama wanawake waliosimama kando ya ukuta.

"Tata Juji, mbele ya bamama?"

"Bamama njo banazala mapasa. Imba."

"Nimuimbie nani? Ile nyimbo inaomba mutu wa kutukanwa."

"Niimbie miye," hakimu akasema. "Na miye niko tata wa mapasa."

Kisha yule mtu, mwembamba, bila viatu, akapiga makofi na kuanza. Aliimba kwa Kiluba chake cha Kasai, nasi tukamfuata bila taabu. Alianza na kichwa cha hakimu, akaeleza jinsi mke wake alivyokinyonyoa kama kuku wa sikukuu, akaendelea mpaka yaliyo chini ya joho, ambayo sitayaandika. Wanawake walijificha midomo kwa vitenge. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa juu ya tumbo, kisha akajibu kwa sauti ileile ya wimbo, kwa Kiluba chetu: kwamba yule mtoto wa kwanza alipochungulia na kuona sura ya baba yake, aliogopa kutoka peke yake, akarudi kumwita mwenzake.

Tribunali nzima ikaanguka kwa kicheko. Hata lile shati jeupe lilitikisika. Askari peke yake ndiye aliyesimama wima, akidhani wanamcheka yeye, mpaka karani mmoja alipomweleza yote kwa Kilingala. Akauliza jambo, karani akatafsiri: anataka kujua kama siku ile yule mtu alikuwa anambariki.

"Alikuwa anakubariki," hakimu akasema, "na weye ukamufunga pingu."

Askari akavua kofia yake. Shitaka la matusi likaishia hapo.

Lakini bangi ilikuwa bado juu ya meza. Mwendesha mashtaka, ambaye hakuwa mjinga, alisubiri kicheko kiishe, akageuza mkebe na kumwaga ile misokoto. Aliuliza kama hiyo yote ni ya kinywa cha mtu mmoja. Nilishika kalamu kwa nguvu, maana nilijua sheria: akisema ni ya kuvuta mwenyewe, ni kosa dogo, akisema aliuza, ni jambo jingine, na hakuna shahidi aliyekuwepo wa kuthibitisha. Nilimwombea adanganye. Mimi, mpenzi wa sheria ya namba.

"Niliuzisha," akasema.

Kwa nani? Kwa wale wanaongoja treni. Kwa askari pia, akaongeza, na watu wakaguna. Kwa vijana? Hapo alisugua kisigino kwa kisigino. Kisha akasema kuna kijana mmoja alikuja, akamfukuza. Siku nyingine akarudi, na siku hiyo hakumfukuza. Aliulizwa bangi ilitoka wapi. Alibadilishana na dereva wa lori, kwa viatu vyake vya mgodini. Na alichopata kwa kuuza? Sabuni, sukari ya uji, na kitenge kimoja zaidi, kwa sababu walikuwa wametayarisha vya mtoto mmoja.

Hakimu aliahirisha, akaniangalia mimi. Nilijua anachotaka.

Mama yangu aliposikia ninakwenda kwa mapasa hakuuliza wametenda nini. Alinipa sabuni ya mwisho iliyokuwa nyumbani, kipande kimoja, akasema nitajua la kufanya.

Gare ilikuwa kijiji cha masufuria. Familia zilikuwa zimegawana saruji ya jukwaa kwa kamba na masanduku, kila moja na mkeka wake, na mvua ilikuwa imeanza kuingia kwa upande ambao paa lilipasuka. Nilipouliza mama wa mapasa yuko wapi, mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya wote: "Muangalie, banatuma ingine ya kutuhesabu. Jana tulihesabiwa, leo tunahesabiwa, treni yenyewe njo haihesabike." Wenzake wakacheka bila furaha. Nilipomfikia yule mama, nilichukua uzi kutoka kwenye pindo la kitenge nilichovaa, nikaikata sabuni katikati, nikaweka kipande kando ya kila mtoto. Wale wanawake wakabadilika sauti. Mmoja aliimba papo hapo kuhusu miguu yangu, kwamba korongo alinikopesha na anaidai. Ilikuwa mara ya kwanza katika majuma mengi kusikia nafuu ya aina ile, kutukanwa na watu waliokuwa na kila haki ya kunitukana kwelikweli.

Mama wa mapasa hakuniomba kitu. Alinionyesha wanapolala. Yeye na watoto kwa ndani, karibu na ukuta, juu ya godoro. Cherehani imefungwa kwa shuka pembeni. Na ukingoni, upande wa mvua, nafasi nyembamba ya mtu anayelala akiwa amekaa. Mume wake alilala pale, mgongo ukiwa nje, ili maji yasifike godoroni. Tangu alipokamatwa nafasi ile ilikuwa imelowa, na godoro nalo lilikuwa limeanza kulowa. Mtoto mmoja alikohoa.

Kuhusu bangi hakumtetea mumewe. Alisema alimkataza, alimwambia auze cherehani badala yake, naye akakataa. Walibishana mpaka majirani wakawanyamazisha.

Nilimwuliza atafanya nini treni ikifika wakati mume yuko ndani. Atapanda, alisema. Anayekosa nafasi anabaki na watoto juu ya saruji, na tayari walikuwa wamezikwa watoto kutoka jukwaa lile. Na mume?

"Ku boloko banakula kama jamaa analeta chakula," akasema. "Unajua ile. Mi nikienda, nani atamuletea?"

Nilijua. Kila mtu Kolwezi alijua kwamba gereza halikuwa na chungu. Nikasema, kwa sauti niliyotaka iwe ya matumaini, kwamba labda hakimu atamfungulia. Ndipo aliponiangalia kwa ule utulivu niliousema.

"Mutamufungula juu ya kumuhurumia," akaniuliza, "ao juu treni yenu iondoke na muzigo yote?"

Alisema "treni yenu." Nikashika mguu wa mtoto mmoja, na kwa kuwa nilikuwa nimeelewa sasa, nikashika na wa mwingine, nikaondoka.

Kesho yake asubuhi nilimweleza hakimu yote niliyoyaona, na sikuficha jambo la cherehani. Lilikuwa dhidi ya mshitakiwa: alikuwa na njia nyingine, mke wake alimwonyesha, akaikataa. Hakimu aliuliza kama yule mama ni fundi wa kushona. Nikasema ndiyo, hata vidole vyake vinaonyesha. Basi, akasema, aliyekataa kuuza cherehani alikataa kuuza chakula cha huko wanakokwenda. Ilikuwa akili, hata kama bangi haikuwa akili. Sikuwa nimeliona hivyo.

Lakini sikumwachia. Nilimwuliza: kama mke wake angezaa mtoto mmoja, angefungwa?

Alitoa karanga, akazimenya polepole. Nilidhani nimemkamata.

"Mapasa nilibaweka ku kesi ya matusi, bakaimaliza," akasema. "Ku kesi ya bangi sitabagusa. Mapasa habaondoe bangi ku mukebe."

Kisha akaifikiria kesi ile mbele yangu, na hiyo ndiyo zawadi ambayo bado naishi nayo. Hakupanga hoja kama tulivyofundishwa. Alizichukua na kuzirudisha, kama mwanamke anayechambua maharage. Kukiri kwake kulikuwa kitu kizito, kwa sababu kulimgharimu. Angekana, tusingekuwa na ushahidi. Lakini yule kijana aliyeuziwa mara ya pili hakuondolewa na kukiri. Huyo alibaki mezani. Viatu vilivyotolewa vilionyesha mtu aliyeanza kwa kuuza chake. Miaka yote mgodini bila kufika mbele ya hakimu ilikuwa na uzito, ingawa mwendesha mashtaka angesema, na kwa haki, kwamba ukosefu wa kazi haumgeuzi kila mtu kuwa muuzaji. Akarudi kwa yule kijana tena. Alimtaja mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilianza kuona kwamba kupunguza adhabu hakukuwa kufumba macho; aliangalia zaidi kuliko mwendesha mashtaka, na yale mabaya aliyaangalia pia.

Mwishowe akafika kwenye chungu cha gereza.

"Sheria inanipa kutoa mwezi," akasema. "Lakini mwezi ya mutu mwenye haletewe chakula, ile haiko mwezi. Ile ni azabu ingine, na sheria haikunipa kuitoa."

Nilimwambia kwamba kabla ya huyu aliwafunga wengine ambao familia zao zilikuwa zimeshaondoka na treni. Yule aliyewauzia watoto wa shule bangi, kwa mfano: alimfunga, na ndugu zake walikuwa tayari Kasai. Kwa nini huyu na si yule? Alinitazama kwa macho ya uchovu, akasema yule alistahili kufungwa. Niliandika moyoni kwamba nimempata mahali ambapo hana jibu, nikaona fahari.

Hukumu aliisoma kwa Kifaransa nilichokiandika mimi, kisha akaisema tena kwa Kiswahili ili ieleweke. Ana hatia ya bangi, ya kuwa nayo na ya kuiuza. Kuna sababu za kupunguza adhabu. Kifungo chake ni siku ambazo ameshazikaa mahabusu, zimekwisha. Mkebe ukachomwe uani, mbele ya tribunali yote, na sisi sote tusimame upande upepo unakotoka, maana anaijua tribunali yake. Watu wakacheka. Yule mtu naye alianza kucheka, na hakimu akainua kidole.

"Ule kijana," akamwambia, "ile sikuipunguza. Ile nimekuachia uibebe."

Yule mtu akasema, "Nitaibeba, Tata."

Sijui kama aliibeba. Najua tu kwamba hakuangalia chini aliposema hivyo. Mlangoni yule askari alikuwa anamngoja. Alitoa mfukoni biskuti mbili za jeshi, akazihesabu kwa sauti, moja, mbili, kwa Kiswahili alichojifunza asubuhi ile, na baba wa mapasa akamtukana masikio yake, kwa upole na kwa ukamilifu, mpaka kijana akatabasamu.

Siku ile mimi sikuwa na furaha kamili. Tulipobaki wenyewe nilimpa hakimu lile swali la mama wa mapasa, nikitaka ajue kwamba wema wake ulikuwa na upande wa pili. Alikunja joho lake. Akasema yeye ana ufunguo wa mlango mmoja, wa boloko. Wa treni hana. Nikamwambia hilo ni jibu la mtu anayeogopa.

"Njo," akakubali. "Ni jibu ya mutu mwenye kuogopa. Lakini ule bwana analala na bibi yake leo."

Akafunga kiti chake kwenye baiskeli, akaondoka.

Treni ilikuja juma lile. Nilikwenda kuangalia, bila kazi yoyote ya kufanya huko. Mabehewa mengine hayakuwa na paa. Niliwaona wakipanda: cherehani kwanza, kisha watoto wakapitishwa juu ya vichwa kutoka mkono hadi mkono, na wanawake wakiwaimbia njia nzima, kisha mama, na baba mwisho, akakaa ukingoni. Sikupunga mkono, ingeonekana kama kuaga wageni. Walikuwa wenyeji wa mji kuliko mimi.

Sasa mimi ni wakili. Nimetetea wachimbaji wengi wa Mutoshi, vijana wanaoshuka shimoni na msokoto kinywani kwa sababu ya hofu ya kufukiwa na udongo, na wanaokamatwa nao wakipanda. Naingia kwenye vibanda vyao vya turubai kabla ya kuingia mahakamani, natazama wanapolala, na mahakimu vijana hunicheka kama makarani walivyomcheka yule wangu. Bado nahoji. Bado naamini kwamba huruma isiyo na sababu zilizosemwa waziwazi ni upendeleo, ndiyo maana nazisema zote, pamoja na zile zinazomuumiza mteja wangu. Hakuna profesa aliyenifundisha hilo. Nilifundishwa na mtu mwenye karanga mfukoni, katika mwaka ambao mji wetu haukuwa na jambo jingine la kumfundisha kijana ila chuki, nami kila nikikumbuka mikono niliyoangukia, nashukuru.

Lile swali la yule mama bado sijalijibu. Nimekutana na watu waliolijibu upesi, na siwaamini.

Hakimu alikufa miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu. Nilikwenda kwenye matanga. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakisonga bukari, nami nikakaa chini kando ya mjane wake, mama mkubwa mwenye mikono ya kazi, ambaye nilikuwa nimemwona mara chache tu. Aliniuliza kama ni mimi yule msichana wa kubishana. Nikasema ni mimi. Akasema mume wake alinilalamikia sana na kunisifu sana, na kwamba yeye mwenyewe alitamani kunijua mapema, ili nimsaidie kubishana naye. Juu ya nini, Mama? nikamwuliza.

Kwa sababu ya mwaka ule wa treni, akasema. Kila mtu wa Kasai ambaye hakimu alimfunga, na ambaye hakuwa na wa kumletea chakula, alipikiwa na yeye, katika jiko lile. Mume alikibeba kwenye baiskeli mpaka gerezani, kila siku, hata kwa yule muuza bangi wa watoto wa shule, mpaka wa mwisho wao alipomaliza kifungo.